Chili ya nyama na maharage ya mtindo wa migahawa ya baga: anza kwa kuchoma nyama

Wengi wanaopika chili nyumbani, yaani ule mchuzi mzito wa Kimarekani wa nyama na viungo, huanza kwa kumimina kima kwenye sufuria na kukoroga hadi kibadilike rangi. Wanachopata ni mchuzi wa kima wenye maharage. Ni mtamu, unaliwa, lakini si ile chili inayouzwa kwenye kikombe cha karatasi katika migahawa ya baga huku Marekani. Ladha ya ile inatoka kwenye nyama iliyochomwa kwanza kama ya baga, ikapoa, ikakatwakatwa, ndipo ikarudishwa motoni kuchemka. Ukiruka hatua hiyo, hakuna kiungo kitakachokuokoa.

Naishi Columbus, Ohio. Hapa ndipo Dave Thomas alipofungua mgahawa wa kwanza wa Wendy's, kampuni ya migahawa ya baga, barabara ya East Broad, tarehe 15 Novemba 1969. Chili ilikuwamo kwenye orodha ya vyakula vyao tangu mwanzo, na ilikuwa na kazi maalumu. Baga zao zilipikwa kwa nyama isiyogandishwa, na mteja alitakiwa apate ya moto, iliyotoka kwenye chuma wakati huohuo. Nyama iliyokosa mnunuzi ikakaa jikoni ilikauka, isifae tena kuwekwa kwenye mkate. Basi haikutupwa: ilichemshwa, ikakatwa vipande, ikaingia kwenye chungu cha chili. Thomas hakulificha jambo hilo, na mimi namheshimu kwalo. Hiyo ni akili ya mpishi anayejua thamani ya nyama, na bahati nzuri akili hiyo ndiyo iliyoleta utamu.

Sababu yangu ya kuipika nyumbani ni rahisi. Kwetu tunakula nyama iliyochinjwa kihalali, na watoto waliosoma shule za hapa wanataka kula walacho wenzao. Nyama nanunua kwenye bucha za Wasomali upande wa Cleveland Avenue na Morse Road, wanakusagia ukiwa umesimama pale. Ukiwa Tanga, Mombasa au Dar, mwambie muuza bucha akusagie nyama yenye mafuta kiasi. Steki tupu ikisagwa inakuwa kavu kama pamba, na mafuta utayaondoa baadaye kwa vyovyote.

Kwa watu wanane hivi, andaa nyama ya kusaga gramu 900. Maharage mekundu makubwa makavu gramu 200, na gramu 150 ya maharage mengine madogo, yale ya rangi ya maziwa yenye madoadoa au mekundu madogo. Nyanya zilizosagwa au za kopo gramu 800. Nyanya nzito ya kopo vijiko viwili vya chakula. Vitunguu maji viwili vikubwa. Pilipili hoho moja ya kijani. Na mabua matatu ya seleri. Seleri usiiache. Nchini Tanzania inapatikana kwa wauza mboga wanaolisha mahoteli na kwenye maduka makubwa, na harufu yake ndiyo inayokufanya useme "ndiyo hii" unapofunua sufuria.

Maharage yaanze jana yake. Yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo, osha, weka mapya. Yachemshe kwa moto mkali, yatokote kwelikweli, kwa nusu saa, kisha punguza moto uendelee hadi yalainike. Tafadhali nisikilize vizuri hapa. Maharage mekundu makubwa yana sumu ya asili, na ni kuchemka kwa nguvu tu kunakoiondoa. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu na kumharisha ndani ya saa chache. Nasema hivi kwa sababu huku ughaibuni wengi tumenunua masufuria ya umeme ya kupika polepole, yale unayoyawasha asubuhi unakwenda kazini. Sufuria hilo halifikii joto la kutosha kwa maharage mabichi, na maharage yaliyopashwa bila kutokota yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yalivyokuwa mabichi. Kwa hiyo yatokote kwanza jikoni, kisha ukitaka umalizie chili yako kwenye sufuria la umeme, malizia. Sufuria la presha halina shida hiyo, na maharage ya kopo yameshapikwa: makopo matatu ya kawaida yanatosha kwa kipimo hiki, yachuje na kuyaosha.

Jambo lingine la maharage: yalainike kabisa kabla hayajakutana na nyanya. Uchachu wa nyanya unazuia ganda lisilainike, na ukishayaweka magumu utachochea kuni hadi usiku. Bonyeza punje moja kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Ikipondeka bila meno, tayari.

Sasa nyama. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai na pilipili manga, usiikande sana, gawanya mafungu sita, yabonyeze yawe bapa, unene wa kidole kimoja. Sitii yai, sitii mkate, sitii kitunguu humo. Washa kikaango kizito cha chuma mpaka kianze kutoa moshi mwembamba, weka vipande bila kuvibananisha. Usivisumbue. Dakika tano upande mmoja, geuza, dakika tano upande wa pili. Unatafuta rangi ya kahawia iliyokolea, ukoko kabisa, na pembeni iwe imekauka. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, kima cha ng'ombe kinaiva salama katikati yake ikifika nyuzi 71 za Selsiasi. Hapa pitiliza tu, kwa sababu nyama ya chili inatakiwa iive zaidi ya ile ya kuliwa kwenye mkate. Wapishi wa kwetu tumezoea kuogopa nyama kukauka. Kwenye chili usiogope, maji yanakuja.

Vitoe, vipoe, uvikate kwa kisu vipande vya ukubwa wa punje ya njegere, vingine vikubwa kidogo. Usivisage wala kuvivuruga kwa uma, kwa sababu utamu wa chili hii ni kukutana na kipande cha nyama chenye umbo lake. Kama una nafasi, vipande vya baga vilale kwenye friji usiku mmoja kabla ya kukata. Vinashikana vizuri na havimeguki.

Kikaango usikioshe. Mimina vikombe vitatu vya maji humo kikiwa bado cha moto, kwangua ukoko wote kwa mwiko, kisha maji hayo yote yaende kwenye sufuria kubwa pamoja na nyama uliyoikata. Chemsha dakika 20 kwa moto mdogo. Mafuta yatapanda juu. Yateke kwa upawa uyamwage, ubaki na supu. Hatua hii ndiyo inayoifanya chili iwe nyepesi mdomoni, isiache utando wa mafuta kwenye midomo.

Viungo vinahitaji uangalifu, hasa ukiwa unasoma mapishi ya Kimarekani. Unga wa chili unaouzwa huku kwenye vichupa si pilipili ya unga tuliyozoea. Ni mchanganyiko: pilipili nyekundu zisizo kali zilizokaushwa, bizari nyembamba, kitunguu saumu na oregano (majani makavu ya kiungo). Mmarekani anapokuambia tia vijiko vitatu vya chakula, anazungumzia huo. Ukitia vijiko vitatu vya pilipili kichaa ya unga, hakuna atakayekula. Mimi nachanganya wangu: paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) vijiko viwili vya chakula, bizari nyembamba ya kusaga kijiko kimoja cha chakula (Kenya ombeni jira), oregano kavu kijiko kimoja cha chai, unga wa kitunguu saumu kijiko kimoja cha chai, na pilipili kali ya unga robo kijiko cha chai tu. Bizari naikaanga kavu nikaisaga mwenyewe, maana ya dukani iliyokaa imeshapoteza harufu.

Basi, mambo yote yaingie sufuriani: maharage, nyanya, nyanya nzito, vitunguu, hoho na seleri vilivyokatwa vidogovidogo, viungo, chumvi kidogo, sukari kijiko kimoja cha chai. Najua utatamani kukaanga kitunguu kwanza mpaka kiwe chekundu, ndivyo tulivyolelewa. Hapa kiache. Chili ya mtindo huu ina mboga zilizochemka ndani ya mchuzi wenyewe, na kitunguu cha kukaanga kitaivuta iende upande wa rosti. Tui nalo liache, na bizari ya manjano pia. Hivyo vina vyungu vyao.

Koroga, funika nusu, moto uwe mdogo kiasi cha kuona povu moja moja likipasuka juu. Saa moja na nusu ni kima cha chini, saa mbili ni bora. Pitisha mwiko chini kabisa kila baada ya dakika 15 hivi, maana maharage yanashuka na kushika, na chili iliyoshika chini inanuka sufuria zima. Ikiwa nzito mapema, ongeza maji ya moto nusu kikombe. Ikiwa nyepesi baada ya saa mbili, koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa mahindi kwenye maji baridi, mimina, acha ichemke dakika kumi. Unga wa sembe unafaa na unaleta harufu ya mahindi inayopatana sana na pilipili zile. Uzito unaotafuta ni ule wa mchuzi unaobaki kwenye kijiko ukikiinamisha, lakini bado unatiririka.

Chumvi ya mwisho ionje mwishoni kabisa, na utie siki kijiko kimoja cha chai. Siki inaamsha nyanya iliyochoka kwa kuchemka. Pilipili ionje wakati huohuo, ila mimi naiacha chili iwe ya upole, kwa sababu mgahawani nako ukali huja pembeni ndani ya kipakiti kidogo, kila mtu ajitilie. Watoto watakula, na babu yao mwenye kupenda pilipili atajipimia.

Ukiwahi kufika Texas usiwaambie kwamba hii ndiyo chili. Wale wanaipika kwa nyama na pilipili bila maharage, na tangu 1977 ndicho chakula rasmi cha jimbo lao. Na hapahapa Ohio, Cincinnati wana ya kwao yenye mdalasini, inayomiminwa juu ya tambi. Nimeila, ni nzuri, inanikumbusha viungo vya pilau. Lakini ukitaka ya kikombe cha karatasi, mdalasini usiuguse.

Namna ya kula: bakuli, biskuti za chumvi za kuvunjiavunjia juu, jibini ya cheddar iliyokunwa, kitunguu kibichi kilichokatwa kidogo sana. Ndani ya kiazi kilichookwa na maganda yake ni chakula kamili. Jirani yangu wa Bukavu, Kongo, anaila na bukari, yaani ugali wa kwao, na hataki kusikia habari za biskuti. Kwangu siku ya pili tunaila na wali mweupe.

Na siku ya pili ndiyo yenyewe. Ikikaa friji usiku mmoja maharage yananyonya viungo na mchuzi unashikana. Usiiache jikoni mpaka asubuhi, hasa kwenye joto la pwani: igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, iingie friji ndani ya saa mbili baada ya kuzima moto. Inakaa siku tatu hadi nne. Kwenye friza inakaa miezi bila neno. Mimi naigandisha kwa bakuli moja moja ili anayerudi kazini usiku apashe yake tu. Unapoipasha, tia maji vijiko vichache, moto wa wastani, koroga mpaka itokote katikati na si pembeni peke yake.