Jinsi kijiji kinavyotenga msitu wake: mpaka kwanza, kamati baadaye

Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji cha Tanzania Bara kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake na kuusimamia chenyewe. Vijiji vya Duru-Haitemba, wilayani Babati, vilikuwa vimeshaanza miaka ya 1990 kwa kutumia sheria ndogo, kabla sheria hiyo haijatungwa. Kosa la kawaida ni kukimbilia kuchagua kamati ya kusimamia msitu na kununua mabuti ya doria kabla ya kukubaliana mpaka. Jirani akija kudai nusu ya msitu ni wake, kila kitu kinasimama.

1. Idhini

Hoja ipite kwenye vitongoji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, si wajumbe wa halmashauri ya kijiji peke yao. Muhtasari uambatane na orodha ya mahudhurio yenye saini. Waiteni wachoma mkaa na wafugaji pia. Mkiwaacha nje ya kikao, mtakutana nao msituni usiku.

2. Mpaka

Tembeeni mpaka mzima mkiwa na wazee na viongozi wa vijiji vyote vinavyopakana nanyi, pamoja na afisa misitu wa wilaya. Kila kona chukueni nukta ya GPS, na mwandike alama isiyohama: mwamba, mbuyu, kilele cha kilima. Kijito cha masika msikitegemee, maana hubadili njia.

Angalieni mfumo wa viwianishi, yaani namba za mahali ambazo GPS inawapa. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali simu husoma mwingine, WGS 84. Mkichanganya hiyo miwili, mpaka wenu unahama kama mita 300, na hapo mmeshaingia shambani kwa mtu. Msipake rangi mti wowote kabla vijiji vyote havijasaini makubaliano ya mpaka.

3. Kuhesabu miti

Hamhitaji kuhesabu msitu mzima. Tuseme una hekta 600 na mmeamua kupima maploti 30. Kila ploti ni duara lenye nusu kipenyo cha mita 17.84, yaani hekta 0.1. Gawanyeni 600 kwa 30: kila ploti inawakilisha hekta 20, kwa hiyo umbali kati ya ploti na ploti ni kama mita 450. Zipangeni kwenye ramani mkiwa bado ofisini. Mkizichagua mkiwa msituni, miguu itafuata njia, na kando ya njia ndiko kulikokatwa zaidi.

Tumieni kamba ya katani au futi ya kupimia. Nailoni huvutika: ikiongezeka nusu mita tu, eneo la ploti linakua kwa karibu asilimia 6. Mlimani kamba ishikwe usawa, isilale juu ya mteremko.

Kateni fimbo ya mita 1.3. Mzingo wa mti hupimwa kwa urefu huo, fimbo ikisimamishwa upande wa juu wa mteremko, kisha mnagawanya kwa 3.14 kupata kipenyo. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 ni miti miwili. Hesabuni na visiki, vipya mbali na vya zamani, maana ndivyo vinavyoonyesha wizi wa sasa uko upande gani.

Mfano: maploti 30 ni hekta 3. Mkikuta mininga 36 iliyofikia kipimo cha kuvunwa, ni 12 kwa hekta, au 7,200 kwa msitu wote. Huo si mgawo wa mwaka! Miti ya miombo hukua polepole mno. Igaweni hiyo 7,200 kwa mzunguko wa uvunaji wa miaka 60 mpate miti 120 kwa mwaka, halafu ipunguzeni kwa nusu kwa ajili ya makosa ya vipimo. Mfanyabiashara atawaambia mnapoteza pesa. Mwacheni aseme.

4. Sheria ndogo

Andikeni kanda (ya kuvuna, ya kuchungia, ya chanzo cha maji), kiwango cha faini na nani atatoza. Mkutano mkuu ukipitisha, zipelekwe halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Hapa ndipo mafaili hulala, kwa hiyo mpeni diwani nakala na tarehe ya kufuatilia. Kutoza faini kabla ya idhini ni kujitafutia kesi.

5. Doria na pesa

Doria iende watu wanne au zaidi, siku zisizotabirika. Daftari liandikwe tarehe, kona waliyopita na walichokiona, hata kama hawakuona kitu. Kila faini iwe na stakabadhi yenye namba, na mapato yasomwe mkutano mkuu kila robo mwaka.

Nyundo ya kugongea magogo (inayotia alama kuwa gogo ni halali) na kitabu cha stakabadhi visikae kwa mtu mmoja. Nyundo ibaki kwa katibu wa kamati, kitabu kwa mtendaji wa kijiji, na gogo lisigongwe mpaka wote wawili wawepo.