Kuandika "huenda ukaanza" kwa Kiingereza bila kumpotosha mtu

Kuna dada alikuwa anasubiri kazi ya kushona sare za shule kwenye kibanda chetu hapa Katwe, Kampala. Nilitaka kumwambia: huenda ukaanza Jumatatu. Kwa kuwa yeye hajui Kiswahili, nikamwandikia "You may start on Monday." Jumatatu saa moja asubuhi nikamkuta mlangoni, ametoka Mukono kwa taksi mbili, mkasi wake kaufunga kwenye kitenge. Kitambaa kilikuwa hakijanunuliwa. Nauli nilimrudishia, lakini siku yake ilishapotea.

Tangu siku hiyo, Waswahili wenzangu wakiniuliza, nawaelekeza hivi.

Hatua ya 1. Andika kwanza kwa Kiswahili. Kama hamna "huenda", "labda" wala "pengine", una uhakika. Tumia "will" uendelee na kazi zako.

Hatua ya 2. Mahali pa "huenda" weka "might", kisha kitenzi kitupu: "School might start on Tuesday." Tunasema huenda nikaanza, huenda akaanza, huenda wakaanza, na "huenda" imetulia palepale. "Might" nayo ni hivyohivyo, na kitenzi kinachoifuata hakichukui "s", wala "to", wala "will". Andika "she might start", si "she might starts".

Hatua ya 3. Tazama ni nani anayeanza. Hapa ndipo nilipokwama mimi, kwa hiyo soma polepole.

"May" ina kazi mbili: huenda, na ruhusa. Ukisema "It may start raining", hakuna utata, maana mvua haiombi ruhusa ya mtu. Lakini ukimwambia mtu "You may start", hasa ukiwa wewe ndiye mwenye kazi, atasikia "una ruhusa, anza". Kukanusha ni hatari zaidi: "You may not start on Monday" inasomeka kama katazo, wakati wewe ulitaka kusema huenda usianze. Hata "The girls may start on Monday" inaweza kueleweka kote kuwili.

Basi tumia "might"? Mara nyingi ndiyo, na mimi "may" nimeiacha kabisa kwenye ujumbe wa kazi. Ila "You might start by cutting the sleeves" ni ushauri: ungeanza na kukata mikono ya nguo. Kwa hiyo unapomwandikia mtu anayesubiri, mwondoe yeye kwenye kiima, weka kazi yenyewe: "The work might start on Monday." Halafu ongeza sentensi ya pili inayomwambia afanye nini kwa sasa. Bila hiyo ya pili, mwenye shida ya kazi atakuja tu, na ana haki.

Hatua ya 4. "Maybe" ikiandikwa pamoja kwa kawaida hukaa mwanzoni, na kwa jambo lijalo inataka "will": "Maybe the work will start on Monday." "The work maybe start" haisimami.

Hatua ya 5. Msomee mtu mwingine, umuulize: wewe ungekuja?

Jumatano ile nilimwandikia tena yule dada: "The work might start on Friday. Please stay home until I call you." Akajibu kwamba simu yake iko wazi. Ijumaa kitambaa kikafika, nikampigia.