Namna ya Kuusoma Mnara wa Qutb Minar Ukiwa Chini

Mnara wa Qutb Minar ulioko Delhi, nchini India, una kimo cha mita 72.5 na ngazi 379 ndani yake, lakini wageni hawaruhusiwi kuzipanda tangu maafa ya mwaka 1981, watu walipokanyagana gizani wakafa. Kwa hiyo usomaji wote hufanyika nje. Simama mbali kiasi cha kuziona ghorofa zote 5, ikiwezekana asubuhi au alasiri, wakati jua la upande linapozitenga mbavu za ukuta kwa vivuli, kisha anza chini.

Ghorofa ya kwanza, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 12 na Qutb al-Din Aibak, jemadari aliyekuja kuwa sultani wa Delhi, ina mbavu za mawe mekundu ya mchanga zinazopishana, moja ya mviringo na nyingine yenye pembe. Ya pili ina za mviringo pekee, ya tatu zenye pembe pekee. Hizo ni kazi ya Iltutmish, mkwe na mrithi wake. Baada ya hapo mbavu zinatoweka na marumaru nyeupe inachukua nafasi, na badiliko hilo ndilo ushahidi mkubwa kuliko wote: radi iliupiga mnara katika karne ya 14, na sultani wa Delhi, Firuz Shah Tughlaq, badala ya kuirudisha ghorofa ya juu kama ilivyokuwa, alijenga mbili.

Kwa darubini ndogo, fuata mikanda ya maandishi ya Kiarabu iliyochongwa kuuzunguka mnara. Utakuta aya za Kurani zikiwa pamoja na sifa za masultani wa Ghuri, ukoo wa watawala kutoka Afghanistan ya leo, mabwana wa Aibak. Nionavyo, mikanda hiyo inaeleza makusudi ya jengo hili, lililo kando ya msikiti, kuliko adhana inavyoyaeleza, kwani sauti ya mwadhini aliyesimama kileleni isingefika chini kwa urahisi. Usiziache roshani, chini ya kila moja mna nakshi za vijishimo vilivyopangwa safu juu ya safu.

Kuba ndogo iliyo kwenye nyasi jirani iliwekwa kileleni mwaka 1828 na mhandisi Mwingereza, Robert Smith, ikateremshwa mwaka 1848 kwa kuwa haikulingana na mnara. Ukiitazama hapo ilipo, utaona kwamba walioiteremsha hawakukosea.