Mbaruti kwenye malisho: weka panga chini, chukua jembe

Wafugaji wenzangu wa huku juu kwenye baridi, Kinangop, Molo, Mau Narok, hebu tuongee kuhusu mbaruti kwenye malisho, manake naona watu wanaipiga vita kila mwaka na kila mwaka inarudi palepale. Nasema ile ya maua ya zambarau yenye miiba mpaka kwenye shina, sio ile ya maua ya manjano inayotoa utomvu wa njano ukiivunja, ingawa watu wengi wanaziita jina moja.

Kosa letu kubwa ni panga. Mtu anangoja imefika kiunoni na imeshachanua ndo anaingia kufyeka. Mimi mwenyewe nilifyeka hivyo kwenye kona ya getini, wiki chache baadaye nikapita hapo nikakuta shina moja limetoa matawi manne, kila tawi na ua lake, na yale maua niliyoacha chini yamefumuka sufi nyeupe, kumbe ua likishafunguka hata ukilikata linaendelea kukomaza mbegu likiwa limelala hapo chini. Kwa hiyo kama umechelewa na imeshachanua, kata vichwa vyote, tia kwenye gunia, toa shambani ukachome.

Mbaruti hii haitambai chini kwa chini, inazaliana kwa mbegu tu. Inaanza kama duara la majani limelala juu ya ardhi, hapo inajenga mzizi mmoja mnene kama karoti, baadaye ndo inasimamisha shina, inachanua, inamwaga mbegu maelfu halafu inakufa. Sasa wewe iwahi ikiwa bado imelala. Mvua ikishalainisha udongo vaa glavu, ingia na jembe au sepetu, kata mzizi kama sentimita 5 chini ya udongo, chini ya pale majani yanaposhikana, hiyo haiamki tena. Mwezi ujao pita tena, na anzia palipokuwa na mama yake manake mbegu nyingi haziendi mbali na upepo kama tunavyodhani, zinaanguka hapohapo karibu.

Ukisoma ushauri wa New Zealand kuwa mwangalifu, kule kinachowasumbua sana ni ndugu yake, Cirsium arvense, ambayo inatambaa kwa mizizi na kipande kikibaki kinachipuka upya, jembe peke yake haliiwezi. Yetu inawezekana kabisa.

Lakini ukichimba ukaacha ardhi uchi umefanya kazi bure. Angalia inapoota sana, ni getini, kwenye maji, pale unapoweka chumvi, yaani popote nyasi zimekanyagwa zikaisha, na kondoo nao wanang'ata chini sana halafu mbaruti wanairuka, kwa hiyo nyasi inaumia, mbaruti inapata nafasi. Gawanya malisho kwa uzio yawe padoki, zungusha mifugo, hamisha chumvi mara kwa mara, na pale ulipochimba chomeka nyasi ya kikuyu au mwaga mbegu ya nyasi ya ryegrass.

Dawa ya kuua magugu kama 2,4-D inafanya kazi vizuri mbaruti ikiwa bado imelala na inakua kwa nguvu, ikishasimama shina utamaliza pesa tu. Piga mche kwa mche kwa pampu ya mgongoni, usimwage padoki nzima manake inaua na klova, ule mmea wa malisho, na kukiwa na upepo acha kabisa, ikifika kwenye viazi au maharagwe ya jirani mtakosana. Mifugo isirudi hapo mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, magugu yaliyonyauka kwa dawa yanaweza kuwavutia kuliko yakiwa mabichi.

Na kama wanakondoo wako wana magamba midomoni usikimbilie kusema ni upungufu wa madini, angalia kwanza miiba. Ikitoboa midomo inafungua njia ya orf, ule ugonjwa wa virusi, halafu mama anapata vidonda kwenye chuchu anakataa kunyonyesha. Unawapata hata watu, kwa hiyo usiwashike midomo bila glavu.