Somo: Kumuuzia mteja wa mbali bila kupoteza mzigo na pesa pamoja

Somo hili ni kwa wale miongoni mwetu, hapa Lamu na kwa jirani zetu wa Malindi, wanaouza masanduku ya nakshi, kofia za kushona kwa mkono, makubadhi na majahazi madogo ya mapambo kwa wateja wasiopata kuonana nao, wakalipwa kwa kadi au kwa PayPal, yaani kampuni ya kulipana kwa njia ya intaneti. Wengi wetu tuliijua biashara dukani, ambako mteja hushika kitu, hukigeuza, hupatana bei, hulipa na kwenda zake, na neno huishia hapo. Katika intaneti neno haliishii hapo. Malipo yakishaingia, mnunuzi bado ana muda mrefu wa kusema kwamba mzigo haukufika, au kwamba ulifika ukiwa si ule alioahidiwa, na anayeamua kati yenu ni ofisa wa kampuni ya malipo ambaye hakuuona mzigo wala hatauona. Ataamua kwa maandishi na picha alizowekewa mbele yake.

Hatua ya kwanza: Jua muda wa mteja na aina ya madai

Kwa masharti ya PayPal, mnunuzi ana siku 180 tangu siku ya kulipa kufungua lalamiko. Mpaka Novemba 2014 muda huo ulikuwa siku 45 tu. Kwa hesabu ya kwetu, mtu anayenunua kaskazi ikivuma anaweza kulalamika kusi imeshaingia, wakati wewe umeshasahau hata sanduku lilikuwa la ubao gani. Lalamiko huanza kama mazungumzo kati yenu wawili, na katika siku 20 linaweza kupandishwa kuwa dai rasmi la kuamuliwa na kampuni; lisipopandishwa, hufungwa. Tangu linapofunguliwa, pesa zinazohusika huzuiliwa. Muuzaji mgeni anaweza pia kuzuiliwa malipo yake hadi siku 21 hata pasipo lalamiko lolote, ingawa huachiliwa mapema akionyesha kwamba mzigo umetumwa na umefika.

Madai yenyewe ni ya aina mbili, na tofauti yake ndiyo inayotupasa kuielewa vizuri. La kwanza ni kwamba mzigo haukufika. Hapa muuzaji naye ana ulinzi wake, mradi awe na uthibitisho wa kutuma na kufikisha kwenye anwani iliyoandikwa katika muamala. La pili ni kwamba mzigo umefika lakini si kama ulivyoelezwa, na hapa ulinzi wa muuzaji haupo. Unaweza kuwa na stakabadhi ya posta, sahihi ya mpokeaji na picha ya mteja akiwa amekikumbatia kifurushi, na hayo yote yasikusaidie, kwa sababu hakuna anayebisha kwamba kimefika. Kinachobishaniwa ni maneno yako.

Masharti haya hayamwumizi muuzaji mkubwa na mdogo kwa kiasi kimoja. Anayeuza masanduku elfu moja kwa mwezi akipoteza moja huandika hasara na kuendelea. Anayeuza manne amepoteza robo ya mwezi wake. Chukulia sanduku la dola 150. Ubao umeshanunuliwa, fundi ameshachukua ujira wake na gharama ya kulisafirisha imeshalipwa, nayo PayPal hairudishi ada iliyoikata wakati wa mauzo hata ukimrudishia mteja pesa zake zote. Kwa hiyo hasara ya sanduku moja si dola 150, ni zaidi.

Hatua ya pili: Eleza kitu kilivyo, si unavyokisifia

Miaka kadhaa nyuma niliuza sanduku la mbambakofi kwa mteja wa Ulaya na katika maelezo nikaliita sanduku la kale. Sikukusudia kudanganya. Nakshi yake ilikuwa ya mtindo wa kale, ile ya milango ya mji wetu, na sisi wenyewe tukiliona sanduku la namna hiyo husema hivyo bila kufikiri. Lakini mbao zake zilikuwa zimepasuliwa mwaka ule ule. Mteja alimwonyesha mjuzi wa samani, akaambiwa ni jipya, akafungua lalamiko, na kampuni ya malipo niliyokuwa nikiitumia ikampa haki. Sikuwa na la kujibu, kwani neno lilikuwa langu. Sanduku lilirudi baada ya wiki nyingi, bawaba moja imeng'oka. Na lau lingekuwa la kale kweli, ningekuwa na shida nyingine, kwa sababu Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 hairuhusu vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali.

Tangu hapo naandika hivi: sanduku jipya, limechongwa Lamu, nakshi ya mtindo wa kale, ubao wa mbambakofi, bawaba za shaba, urefu, upana na kina kwa sentimita, uzito kwa kilo. Ikiwa mguu mmoja una fundo la ubao, nalitaja fundo na kulipiga picha ya karibu. Kasoro iliyotajwa na kuonyeshwa kabla ya mauzo si sababu ya kushinda dai. Kasoro ile ile iliyofichwa ni sababu tosha. Mkwe wangu huniambia kwamba najivunjia soko mwenyewe. Mimi naona mteja anayekimbizwa na fundo la ubao ni yule yule ambaye angelalamika baadaye.

Liko jambo la mbao ambalo wauzaji wengi wa pwani hawaliandiki, nalo huleta madai mengi. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa kulingana na mahali ulipo. Sanduku lililochongwa na kukaa katika hewa ya bahari likipelekwa kwenye nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi, ambako hewa ni kavu mno, hupoteza unyevu na kusinyaa kwa upande wa upana. Kifuniko kipana cha ubao mmoja kinaweza kupasuka, au maungio yakaachana. Mteja ataona ufa na kusema ameuziwa kitu kibovu. Basi tumieni mbao zilizokaushwa vya kutosha, mwombeni fundi aunge kifuniko kwa namna inayoupa ubao nafasi ya kusogea, na andikeni waziwazi kwamba ubao mzima hubadilika na hali ya hewa na kwamba sanduku lisiwekwe karibu na kipasha joto.

Kwa kofia, tatizo ni kipimo. Msiandike "ukubwa wa mtu mzima". Andikeni mzunguko kwa sentimita, kimo cha kofia, aina ya uzi, na kama imeshonwa kwa mkono yote au sehemu. Ukisema ni ya mkono na ukingo umepigwa cherehani, umeshajifunga.

Hatua ya tatu: Weka kumbukumbu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila mauzo wekeni mahali pamoja nakala ya maelezo kama yalivyosomeka siku ya kuuzwa, picha za kitu chenyewe (si za mwenzake anayefanana naye), picha za kufunga mzigo, na mazungumzo yote na mteja. Zikae miezi saba angalau.

Hatua ya nne: Tuma kwa njia inayothibitika

Anwani ni ile iliyo kwenye ukurasa wa muamala, isiongezwe wala kupunguzwa. Mzigo uwe na namba ya ufuatiliaji. Ya posta ya kimataifa ina herufi na tarakimu 13, yaani herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, na za kwetu huishia na KE. Malipo yakifika dola 750 au zaidi, PayPal hutaka pia sahihi ya mpokeaji, na bila hiyo ulinzi wako huanguka hata kama mzigo umefika.

Sisi wa Lamu tuna kikwazo chetu. Wengi hawatumi kutoka kisiwani; humpa mtu kifurushi avuke nacho kwa boti mpaka Mokowe, kisha kipakiwe kwenye basi la Mombasa, kikatumwe kutoka huko. Siku hizo zote kifurushi hakina namba. Mteja aliyeambiwa kwamba mzigo umetumwa huangalia, haoni kitu, na huanza kuingiwa na shaka. Msiandike kwamba mzigo umetumwa siku ya kupanda boti. Andikeni siku ya stakabadhi. Na katika maelezo ya duka lenu ahidini siku nyingi kuliko mnazozihitaji.

Hatua ya tano: Lalamiko likija, jibu

Dai likishapanda kwa kampuni, muuzaji kwa kawaida hupewa siku kama 10 kuleta majibu yake. Anayenyamaza hushindwa, awe na haki au asiwe nayo. Jibu kwa adabu, kwa mistari michache, ukiambatanisha kila ushahidi mara moja, bila kumtukana mteja, kwani ofisa husoma hayo pia. Kama kosa ni lako, maliza jambo katika hatua ya mazungumzo. Kama mteja atatakiwa kurudisha mzigo, hakikisha umetoa anwani inayofikika, yaani sanduku la posta pamoja na namba ya simu, maana jina la mtaa peke yake halimfikishi mgeni katika vichochoro vyetu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Malindi: Assalaam aleikum Mwalimu. Nina wateja Waitaliano ambao hulipa kwa PayPal wakiwa kwao, kisha wakija likizo huchukua vitu dukani kwangu. Je, hapo pana hatari?

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Ipo. Kitu kilichochukuliwa kwa mkono hakina stakabadhi ya kutumwa, na akija kusema hakukipata, wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba alikipata. Afadhali aweke nafasi kwa ujumbe tu, na alipe akiwa mbele yako, kwa pesa taslimu, kwa kadi kwenye mashine au kwa M-Pesa. Ikiwa ameshalipa, mwandikie hati fupi ya makabidhiano yenye namba ya muamala, atie sahihi, uipige picha akiwa hapo hapo.

Mwanachama, Shela: Mteja amelipa kwa anwani ya London, sasa anataka mzigo uende kwa nduguye Dubai. Anaonekana mtu mwema.

Jibu: Huenda ni mwema, kaka, lakini ukipeleka Dubai umeutupa ulinzi wako mwenyewe. Mrudishie malipo, umwombe alipe upya kwa anwani ya Dubai. Utapoteza ada ya muamala wa kwanza. Mweleze, na mteja muungwana atakubali kuibeba. Akikasirika kwa ombi hilo, basi usimtumie kitu.

Mwanachama, Lamu: Wengine huniambia nimwombe mteja atume pesa kama anamtumia rafiki au jamaa, ili asiweze kudai. Ni sawa?

Jibu: Si sawa. Masharti yanakataza kupokea malipo ya biashara kwa njia hiyo, na akaunti yako inaweza kufungiwa pesa zikiwa ndani. Tena unamnyima mtu kinga aliyodhani anayo.

Mwanachama, Malindi: Nilishinda dai, kampuni ikasema pesa ni zangu. Baada ya mwezi zikachukuliwa tena, nikaambiwa ni benki ya mteja. Inakuwaje?

Jibu: Aliyelipa kwa kadi ana milango miwili. Mmoja ni kampuni ya malipo, wa pili ni benki iliyotoa kadi, na ule wa pili una nguvu zaidi. Mizizi yake ni sheria za nchi zao. Marekani ina sheria ya mwaka 1974 inayompa mwenye kadi haki ya kupinga deni la kitu ambacho hakikufikishwa, na Uingereza ina Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja, nayo ya mwaka 1974, kinachoibebesha benki ya kadi ya mkopo dhima pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Ushahidi ni ule ule. Upeleke upya, usidhani kwamba ule wa mwanzo umehamishwa.

Mwanachama, Lamu: Mimi naona hii ni dhuluma tupu. Kwa nini tusiyakatae malipo haya, mteja atume pesa kwanza kwa njia za kutumiana, asiyetaka aache?

Jibu: Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Mtu wa Bologna, kule Italia, yeye hatujui sisi. Kinachomfanya alipe kwa fundi asiyemjua, katika kisiwa ambacho hajakifika, ni kule kujua kwamba akidhulumiwa atarudishiwa. Kabla ya ulinzi huo wateja wetu walikuwa wale tu waliopita mbele ya duka. Na hata Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa bora na ya kulipwa fidia kwa hasara. Ninalolalamikia mimi ni muda: siku 180 ni nyingi mno kwa kofia.

Mwanachama, Matondoni: Mwalimu, kofia sita zimelowa maji ya bahari kwenye boti. Nimezifua na kuzikausha, hazionekani kitu. Mteja hajui. Nizitume?

Jibu: Bibi, maji ya chumvi huacha alama ambazo wewe huzioni leo na yeye ataziona baada ya kuvaa mara mbili. Mwandikie leo hii, umweleze, umpe hiari ya kungoja nyingine au kurudishiwa pesa. Hizo sita ziuze hapa hapa kwa bei ya chini, na umwambie anayenunua sababu yake.