Skrubu Iliyogoma kwenye Cherehani Kuukuu

Cherehani nyeusi za Singer bado zinashona barazani, kutoka Mbale hadi Arua huko Uganda, na skrubu zinazogoma zaidi ni zile mbili za bamba la sindano, kile kibati chenye tundu chini ya sindano. Mara nyingi si kutu. Ni mafuta ya zamani yaliyoganda na vumbi la uzi yakawa kama gundi, kwa hiyo usianze na nguvu.

Kwanza safisha mkato wa kichwani mwa skrubu kwa ncha ya sindano mpaka uone chuma kitupu. Mkato uliojaa uchafu humeza nusu tu ya bisibisi, nayo ikizungushwa huruka na kuuchana. Changanya mafuta ya taa sehemu mbili na mafuta ya cherehani sehemu moja, weka matone mawili kwa sirinji, uache usiku kucha. Wapo wanaotumia spiriti au waragi, ile pombe kali ya Uganda. Inayeyusha kweli, lakini inayeyusha pia vanishi inayolinda yale maua ya dhahabu yaliyopambwa mwilini mwa cherehani.

Sasa bisibisi, maana hapa ndipo skrubu nyingi zinapofia. Zile za dukani zina ncha iliyochongoka kama kabari, hivyo hugusa mdomo wa mkato tu na kupanda juu. Isugue kwa tupa hadi pande zake mbili ziwe sambamba, ienee upana wote wa mkato na kufika chini bila kucheza. Ukiisimamisha yenyewe kwenye skrubu, isianguke.

Weka ubao chini ya cherehani. Mwili wake ni chuma cha kumimina, na kikigongwa bila kuegemezwa hupasuka. Simamisha bisibisi wima, igonge mara tano au sita kwa nyundo ndogo, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikikaza hata kwa unywele, gundi imekatika.

Bado? Futa mafuta yote ya taa yakauke, ndipo ugusishe kichwani chuma cha kulehemu cha mafundi redio kwa dakika mbili au tatu. Acha ipoe, tia mafuta tena, urudie. Moto wa mkaa usiukaribishe, utababua rangi.

Mkato ukiwa umekwisha kabisa, piga alama katikati kwa panchi, toboa kwa biti ya milimita 2, halafu kwa pana zaidi, taratibu, mpaka kichwa kikatike. Bamba litanyanyuka. Kisiki kilichobaki, kwa kuwa hakuna tena kinachokibana, mara nyingi hutoka kwa koleo.

Skrubu mpya usiichukue popote. Hesi ya Singer hapo, yaani nyuzi za skrubu, si ya vipimo vya milimita. Skrubu ya kawaida ya milimita inaweza kuingia mizunguko miwili, kisha ikala tundu. Nenda na ile ya zamani mfukoni, hata kama ni vipande.