HOA yenu na mbunge: mdakeni Agosti akiwa nyumbani

Kila Agosti Kongresi ya Marekani inafunga shughuli Washington na watu wanasema haya wabunge wameenda likizo kula raha. Si kweli sana. Hayo mapumziko yamewekwa na sheria ya 1970, na wengi wao wanarudi majimboni kwao kuzunguka viwandani, kwenye maonyesho na mikutano ya wananchi, maana uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi ni kila miaka 2 na hakuna anayetaka kusahaulika. Kwa hiyo kama uko kwenye bodi ya HOA, yaani ule umoja wa wenye nyumba wa mtaa unaokusanya ada na kusimamia masharti ya mtaa, na kuna sheria inawaumiza, huu ndo muda wenyewe. Kumfuata Washington ni nauli ya ndege na hoteli, halafu unaishia kuongea naye mkitembea koridoni.

Kabla ya kupiga simu, jueni kwanza shida yenu ni ya nani. Hapa wengi wanapotea. Mambo mengi ya HOA, yaani faini, uchaguzi wa bodi, akiba ya matengenezo, ada, yote hayo yanatungwa na bunge la kila steti, sio Washington: California wana sheria ya Davis-Stirling, Florida wana sura ya 718 ya sheria zao kwa kondo (majengo ambayo kila mtu anamiliki nyumba yake ndani) na 720 ya HOA. Ukimpelekea seneta wa Washington malalamiko ya faini ya nyasi atatikisa kichwa tu. Yeye mpelekee vya kwake, kama FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, ambayo kwa kawaida hailipii kuondoa magogo na vifusi kwenye barabara binafsi baada ya kimbunga, hata kama barabara hiyo inapitisha gari la zimamoto na basi la shule kila siku. Na bunge la steti nalo lina ratiba yake: Texas kikao cha kawaida ni miaka isiyogawanyika kwa 2 tu, siku 140, na kama hakuna kikao maalumu, muda mwingine mjumbe wenu yuko mtaani na ni rahisi kumpata kuliko mnavyodhani.

Bodi ipige kura na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba tunaomba kitu fulani. Bila hivyo unaongea kama wewe binafsi, sio HOA, na jirani mmoja asiyewapenda akiandika imeili kwa mbunge kwamba hao hawajatumwa na mtu, mmekwisha.

Ombi la kukutana litumeni mapema, Juni au mwanzoni mwa Julai, kupitia fomu kwenye tovuti yake. Tafuteni mbunge kwa anwani kamili maana zipu kodi (namba ya posta ya eneo) moja inaweza kuangukia kwa wabunge wawili. Andikeni mko nyumba ngapi, mnataka kuongelea nini na tarehe mbili tatu zinazowafaa. Wiki ikipita kimya pigeni simu ofisi ya jimboni, muulizeni anayepanga ratiba, kwa upole, na mpigieni tena baadaye, hawakasiriki, ndo kazi yao.

Sasa mimi nasema msiende ofisini kwake, mwiteni kwenu. Ofisini mtakaa kwenye makochi mtaongea maneno matupu, ila akija mtaani kwenu atasimama juu ya ule mtaro uliobomoka, ataliona bwawa la maji ya mvua ambalo nyie ndo mnalilipia kulisafisha, mbunge aliyekanyaga tope lenu anakumbuka. Pangeni njia ya kutembea nusu saa, isizidi, na ipitieni wenyewe siku moja kabla muone kama mzee wa bodi anaimudu kwenye jua la Agosti. Watu sita au nane wanatosha, mchanganyiko, mstaafu, mama mwenye watoto, mweka hazina. Aliyehamia juzi na bado hajapata uraia naye aje, haki ya kupeleka malalamiko serikalini sio ya raia peke yao. Msemaji awe mmoja. Ombi liwe moja! Namba ya muswada, na karatasi moja yenye tarakimu zenu wenyewe: bima mlilipa kiasi gani miaka mitatu iliyopita na sasa kiasi gani, ada ya mwezi imepanda vipi.

Jiandaeni na swali baya pia. Wabunge wanapokea simu nyingi za watu waliopigwa faini na HOA zao au kutishiwa kunyang'anywa nyumba, kwa hiyo atawauliza na nyie mnatendeaje watu wenu. Msiruke ruke, mwambieni utaratibu wenu wa rufaa ukoje, na kama hamna, heri muuweke kabla hajaja.

Akituma msaidizi badala yake msinune. Yule kijana ndo anaandika maelezo bosi atakayosoma, mtembezeni vilevile na mchukue kadi yake.

Zawadi hapana, maji na biskuti inatosha. Hela za kampeni msizitaje kabisa, HOA nyingi zimesajiliwa kama kampuni na kampuni hairuhusiwi kumchangia mgombea wa Kongresi. Na kama ni mwaka wa uchaguzi hakikisheni ziara haigeuki mkutano wa kampeni, mabango yabaki kwenye gari.

Kesho yake tumeni imeili ya shukrani na picha, na zile karatasi mlizoahidi. Septemba wakirudi Washington wanabanwa na bajeti kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Oktoba 1, barua ndefu hazisomwi, hivyo mwandikieni yule msaidizi mistari miwili tu: namba ya muswada, na je, bosi amesaini kuuunga mkono au bado?